Mvua Inasingiziwa: Chumvi, Hewa na Miwani ya Mombasa

Miwani inayoharibika kisiwani Mombasa huharibika kwa namna zinazofahamika. Skrubu ya bawaba hushika kutu mpaka mkono wa fremu ukatae kukunjika. Fremu ya madini hutoa rangi ya kijani pale inapogusa pua. Kioo huingia utando ambao haufutiki hata kikisuguliwa. Mambo haya huonekana zaidi kuanzia Aprili hadi Juni, masika yanapokolea na upepo wa kusi kushika zamu. Kwa hiyo lawama zote hutwishwa mvua. Naona hukumu hiyo si ya haki, na ushahidi wa kuipinga umo ndani ya Mji wa Kale wenyewe, katika kuta zake na katika historia ya watu waliohifadhi vitu vyao hapo kwa karne nyingi. Mharibifu mkuu ni chumvi ya bahari iliyofungiwa pamoja na hewa isiyotembea. Mvua, ukiiangalia vizuri, ni maji matamu yanayotoka juu bila gharama.

Chumvi ya kawaida ina tabia moja inayoeleza mengi: unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 75, chumvi huanza kuvuta maji hewani na kuyeyuka yenyewe. Mwenye kidau cha chumvi jikoni anaijua tabia hii bila kuambiwa na mwanakemia. Sasa, hewa ya Mombasa hucheza karibu na kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka, na wakati wa masika hukipita kwa siku nyingi mfululizo. Kisiwa kimezungukwa na maji ya chumvi, na kusi inapovuma hubeba vumbi la mawimbi hadi madirishani. Chembe ikitua penye bawaba ya miwani haikauki kabisa. Hukaa kama tone dogo la maji ya bahari juu ya chuma, mchana na usiku. Nairobi nako hunyesha, tena sana, lakini chumvi hiyo haipo.

Ushahidi mzuri kuliko wote ulitoka chini ya maji. Mwaka 1697, Waomani walipokuwa wameizingira Ngome ya Yesu, merikebu ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mbele ya ngome hiyo. Kati ya 1977 na 1980 wachimbuaji wakiongozwa na Robin Piercy waliifukua, na vitu vilivyopatikana vikahudumiwa na kuhifadhiwa ngomeni. Kanuni ya kazi ya namna hiyo inashangaza mtu anayeogopa maji: kitu kilichotoka baharini hakikaushwi haraka. Hulowekwa katika maji matamu, maji hubadilishwa tena na tena hadi chumvi itoke, ndipo kikaushwe polepole. Kikikaushwa na chumvi yake ndani, chumvi hujenga fuwele, na fuwele hupasua mbao na vyombo vya ufinyanzi, huku chuma kikizidi kuliwa na kutu. Miwani haijalala baharini karne tatu, lakini hesabu ni ileile. Anayeitoa miwani usoni na kuifuta papo hapo kwa pindo la leso anasugua chumvi na mchanga juu ya lenzi, na kinachobaki anakisukuma ndani ya bawaba. Lenzi za plastiki, ambazo zilianza kuenea duniani baada ya Vita vya Pili, ni nyepesi ila huchunika upesi kuliko kioo, kwa hiyo ufutaji huo huziumiza zaidi.

Waliojenga Mji wa Kale walilikabili tatizo hilihili kwa kiwango cha nyumba nzima. Kuta zao ni mawe ya matumbawe, yaani mawe yenye chumvi tangu kuzaliwa, yaliyoshikanishwa na kupakwa chokaa. Chokaa hupumua: unyevu ulioingia ukutani hutoka kupitia uso wake, na chumvi ikitoka nao hubomoa lipu, ambayo hupakwa upya. Lipu ilikuwa kitu cha kutolewa kafara. Nyumba za mtaa wa Ndia Kuu na vichochoro vyake zikawekewa madirisha ya mbao yenye vipande vya kupitisha upepo hata yakifungwa, na roshani zinazotoka nje kuudaka upepo wa bandari ya kale. Kisha ikaja saruji. Kwa kuwa ni ngumu, ilionekana ni maendeleo. Kwa kuwa haipumui, iliufungia unyevu ndani ya matumbawe, na wahifadhi wa majengo ya mwambao wamelalamikia madhara yake kuanzia Lamu hadi Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ukuta uliopakwa saruji na miwani iliyotiwa mbichi ndani ya kifuko cha plastiki vinaugua ugonjwa mmoja.

Msomaji mkali atasema haya ni kuwapamba wazee. Nyumba hizohizo zimebomoka, miswada mingi ya mwambao imeliwa na mchwa na koga, na nguo zilizowekwa juu ya chetezo zilifukizwa udi kwa ajili ya harufu, wala hakuna aliyekuwa akipima unyevu. Nakubali yote matatu. Sidai kwamba waliotangulia walikuwa na elimu ya siri. Nadai jambo dogo zaidi: mazoea yao, kwa sababu yoyote waliyoyashikia, yaliviweka vitu kwenye joto na mwendo wa hewa mara kwa mara. Nguo iliyofukizwa ilipashwa moto kabla ya kurudi kashani. Nyumba iliyobomoka, mara nyingi, ni ile iliyoachwa bila kupakwa chokaa upya, na hilo linatia nguvu hoja yangu kuliko kuidhoofisha, maana utaratibu ule ulidai mikono kila mwaka.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Makumbusho hufunga vitu vyake ndani ya masanduku ya kioo, na wapigapicha huzifungia lenzi zao. Kwa nini basi kufungia kulaumiwe? Jibu limo katika vita vya 1939 hadi 1945. Katika miaka hiyo majeshi yaliyopigana nchi za joto na unyevu yaligundua kwamba darubini zilizofungwa kiwandani zilikuwa zikiota koga ndani. Koga huishi kwa uchafu mdogo sana, hata alama ya kidole yamtosha, na asidi anayotoa huchora kioo chenyewe. Kilichofungwa kikiwa na unyevu kilikuwa kimepewa koga nyumba. Sanduku la makumbusho hufaa kwa sababu kilichomo kilikaushwa kwanza na ndani yake pamewekwa kitu cha kufyonza maji, kinachobadilishwa kikishiba. Vile vifuko vidogo vinavyokuja na viatu vipya hufanya kazi hiyo, ila mwenye kuvitumia bila kuvibadilisha anajidanganya.

Ugumu wa zamani kisiwani ulikuwa kupata maji ya kusuuzia. Visima vingi vya Mji wa Kale vina maji ya chumvichumvi, ndiyo maana ngome ilijengewa birika, na hadi bomba la maji kutoka chemchemi za Mzima lilipofika katika miaka ya 1950 maji matamu yalikuwa mali. Leo bomba nalo hukauka mara kwa mara, na wenye nyumba wengi hununua maji ya mkokoteni, ambayo baadhi yake huchotwa visimani. Mwenye miwani afanye basi kama mafundi wa ngomeni waliohifadhi vitu vya merikebu, atumie maji matamu: ayaonje kwanza, na yakiwa na ladha ya chumvi asiyasuuzie lenzi. Masika yakiwapo, ndoo iliyowekwa chini ya mlizamu, baada ya mvua ya kwanza kusafisha paa, ina maji bora kuliko hayo. Tone la sabuni ya vyombo, maji tele, kitambaa laini cha pamba kilichofuliwa bila wanga, kisha miwani iachwe wazi mahali penye upepo na pasipo jua kali mpaka bawaba zikauke, ndipo iingie kifukoni.