Gwaride na Daaba: Maneno ya Jeshi Katika Historia ya Merti

Kila tarehe 14 Oktoba Kenya huwaadhimisha wanajeshi wake, kwa ukumbusho wa operesheni iliyoanzishwa Somalia mwaka 2011. Sherehe hizo zina msamiati wake: gwaride, bendi, saluti. Kiswahili cha kambini kina mizizi katika King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, ambalo lilikieneza mbali sana na pwani.

Lakini huko Merti, karibu na mto Ewaso Nyiro, jeshi lina neno jingine. Vita vya 1963 hadi 1967 serikali iliviita vya shifta, neno la Kihabeshi lenye maana ya mnyang'anyi wa porini, nasi tukalipokea bila kuuliza. Waborana husema gaaf daaba, yaani wakati wa kusimamishwa. Jina la kwanza lamtaja mpiganaji peke yake. La pili lamtaja mfugaji, ambaye hakushika bunduki. Kwani tangu 1966 wafugaji wa Isiolo walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa na askari, Merti na Garba Tula vikiwamo. Mnyama aishiye kwa kuhamahama hastahimili kufungiwa: ngamia na ng'ombe walikufa kwa njaa, na wengine walipigwa risasi.

Mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967 yalimaliza vita, bali mifugo haikurudi. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga askari wasishtakiwe. Ilipofika 2013 ndipo Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipoyaweka mambo hayo katika ripoti yake.