Taa, redio na chaja katika betri moja: Mambo ya kupima kabla ya kununua

KATIKA Kata ya Ntalikwa, pembezoni mwa Manispaa ya Tabora, msimu wa mvua, yaani Novemba hadi Aprili, ndio unaozidisha haja ya taa ya dharura. Radi hupiga, upepo huangusha matawi juu ya nyaya, na nguzo moja ikilala, nyumba nyingi hubaki gizani hadi mafundi wafike. Msimu huo huo mawingu hupunguza nguvu ya paneli ya sola.

Tanzania imepitia vipindi vizito vya mgawo wa umeme, kikiwamo cha mwaka 2006, wakati ukame uliposhusha kina cha maji katika Bwawa la Mtera, na kingine cha mwaka 2011. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme katika gridi ya taifa Februari 2024. Hata hivyo, kuzalisha umeme ni jambo moja na kuufikisha nyumbani ni jambo jingine. Bwawa kubwa haliinui nguzo iliyoanguka porini.

Ndiyo maana madukani vimejaa vifaa vyenye taa, redio, chaja ya simu, paneli na mpini wa kuzungusha kwa mkono, vyote katika ganda moja. Mnunuzi huvutiwa na wingi wa kazi hizo. Ni vyema ikaeleweka, hata hivyo, kwamba kazi zote hizo hula katika chungu kimoja, nacho ni betri. Familia iliyosikiliza redio jioni nzima na kuchaji simu mbili inaweza kukosa mwanga usiku wa manane, saa ambayo mtoto ameshikwa na homa au mama mjamzito ameanza uchungu.

Hesabu ya usiku mmoja

Jambo la kwanza la kuuliza dukani ni kiasi cha nishati kilichomo katika betri, kinachopimwa kwa wati-saa. Kama hakikuandikwa, zidisha volti za betri kwa uwezo wake wa ampea-saa. Betri ya volti 3.2 yenye mAh 3,000, sawa na ampea-saa 3, hubeba wati-saa 9.6.

Sasa tuangalie matumizi. Taa ya wati 1 ikiwaka saa 4 hutumia wati-saa 4. Redio ndogo ya nusu wati ikisikilizwa saa 3 hutumia wati-saa 1.5. Simu ndogo ya kitochi, yenye betri ya volti 3.7 na mAh 1,000, huhitaji wati-saa 3.7, na kwa sababu nishati fulani hupotea wakati wa kuchaji, ni salama kuhesabu wati-saa 5. Jumla ni wati-saa 10.5. Betri yetu ya kwanza imekwisha kabla ya usiku wa kwanza kumalizika.

Betri ya volti hizo hizo yenye mAh 6,000 hubeba wati-saa 19.2, na hiyo hukaribia kutosheleza siku mbili. Lakini simu janja yenye mAh 5,000 huhitaji takribani wati-saa 19 kujaa. Simu hiyo moja humaliza betri yote na kuiacha nyumba gizani. Mwenye simu ya namna hiyo anunue betri kubwa zaidi, au aichaji kwa kiasi cha kupiga simu za dharura tu.

Aina ya betri

Betri za asidi na risasi huwa nzito na bei yake huwa nafuu, lakini huharibika haraka zikiachwa bila chaji, na hazipendi kukaushwa kupita nusu. Kwa hiyo betri ya volti 6 na ampea-saa 4.5, ambayo kwa hesabu ina wati-saa 27, itumike kana kwamba ina 13.5. Betri za lithiamu na fosfati ya chuma huvumilia joto na kuchajiwa mara nyingi zaidi, nazo hufaa kwa kifaa kinachotumika kila wiki.

Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuzuia uchakachuaji wa dizeli. Neno hilo linafaa pia kwa betri, kwani namba zinazoandikwa kwenye ganda huweza kuchakachuliwa. Kipimo chepesi ni mkono. Seli ya lithiamu yenye umbo la bomba dogo, ya aina inayotumika sana, hubeba kati ya mAh 2,000 na 3,500, na uzito wake hukaribia gramu 45. Kifaa cha seli hizo kinachodai mAh 20,000 kingehitaji seli zisizopungua 6, yaani takribani gramu 270 za betri peke yake. Kikiwa chepesi kuliko hapo, namba hiyo si ya kweli.

Njia za kuchaji

Kifaa kizuri hupokea umeme wa nyumbani pamoja na wa jua. Paneli ya wati 3, ikipata jua kali kwa saa 5, huzalisha wati-saa 15. Upotevu ukiondolewa, takribani 10 hufika katika betri. Siku ya mawingu kiasi hicho hushuka sana. Paneli ndogo iliyobandikwa juu ya kifaa haitoshi kwa matumizi ya kila siku. Bora ile yenye waya, inayoanikwa juu ya bati huku betri ikibaki kivulini.

Redio ya kuzungushwa kwa mkono ilibuniwa na Mwingereza Trevor Baylis mwaka 1991, baada ya kutazama kipindi kuhusu kuenea kwa UKIMWI barani Afrika na haja ya kufikisha habari mahali pasipo na umeme. Mpini huo ni akiba ya mwisho: dakika moja ya kuzungusha huleta dakika chache tu za mwanga au sauti.

Mwanga na redio

Mwanga hupimwa kwa lumeni. Koroboi hutoa takribani lumeni 10 pamoja na moshi na hatari ya moto. Taa ya LED ya wati 1 huweza kutoa 100 au zaidi. Chagua yenye ngazi mbili au tatu za mwanga, ili usiku uachwe hafifu na betri idumu.

Redio ijaribiwe dukani taa yake ikiwa inawaka, kisha ikiwa inachajiwa, kwani saketi duni hutia mikwaruzo katika sauti. Masafa ya FM hudhoofishwa na umbali na vilima, hivyo antena ndefu ni muhimu kwa wakazi walio nje ya mji. Simu zikizima, redio ndiyo itakayoleta tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Kabla na baada ya kulipa

Dai stakabadhi na dhamana ya maandishi. Viwango vilivyotokana na mpango wa Lighting Africa, ulioanzishwa mwaka 2007 chini ya Kundi la Benki ya Dunia, hudai dhamana isiyopungua mwaka 1 na maelezo ya kweli kuhusu uwezo wa kifaa. Tangu mwaka 2020 orodha ya vifaa vilivyofaulu hutunzwa na VeraSol na huonekana katika intaneti.

Nyumbani, kiwashe usiku wa kwanza na uhesabu saa hadi kizime, dhamana ingali hai. Baada ya hapo kichajiwe mara kwa mara hata kama umeme haukatiki, na kiwekwe mahali pamoja panapojulikana na kila mtu. Kisha familia ikubaliane jambo moja: taa ya kiashirio ikionyesha kuwa chaji imebaki nusu, redio izimwe na simu ichomolewe. Nusu hiyo ni ya usiku.