Wufa Yako Inatembea kwa Taili? Saka Tyubu ya Baiskeli
Umehamia keja mpya hapa Wote, sakafu ni taili, inang'aa. Unaweka benga ya Ken wa Maria, beisi inapanda, na wufa inaanza kujitembeza kuelekea mlangoni. Usicheke, mse. Siku itavuta waya ama ianguke kwa stendi, na hiyo ni doo yako.

Koni ikisukuma hewa mbele, boksi nalo linasukumwa nyuma, mara makumi kwa sekunde. Miguu ya plastiki ngumu haishiki taili, na vumbi letu jekundu ni kama poda.

Futa sakafu na miguu ya wufa, zikauke kabisa. Kisha omba fundi wa baiskeli tyubu kuukuu, ioshe kwa sabuni (ndani huwa na poda), kata vipande vinne, gundisha chini ya miguu. Ndala iliyochakaa pia inafanya, tena ni nene. Cheki miguu yote minne inagusa chini. Boksi likiyumba, umefanya kazi bure. Unaweza kuongeza tofali juu, kwa kitambaa, bora usizibe tundu la hewa.

Bado inatembea? Punguza beisi, bana. Jirani amegonga ukuta tangu saa nne.