Mshipi Uliowaudhi Majemadari

Atakaye kujua namna Japani ilivyogeuka baada ya mwaka 1868, mamlaka yalipomrudia Mfalme Meiji na desturi za kigeni zikaanza kuingia kwa idhini ya dola yenyewe, aghalabu huelekezwa kwenye sheria na vita. Bali mimi naona taarikh iliyo hai zaidi imo katika hadithi za nchi ile, ambazo watungaji wake hawakuona haya kueleza mtu alivaa nini, alikula nini, na alilala chini ya paa gani. Nyama ya ng'ombe, iliyoepukwa karne nyingi kwa ajili ya mafundisho ya Kibuddha na amri za wafalme, ilimpata mapema mtungaji wa kuidhihaki: Kanagaki Robun alianza mwaka 1871 kutoa kitabu cha wateja waliokizunguka chungu cha nyama, kila mmoja akijigamba kwa ustaarabu wake mpya na huku akitafuna.

Lakini bingwa wa mambo haya ni Tanizaki Jun'ichirō. Baada ya zilzala ya Septemba 1, 1923 iliyoiteketeza Tokyo na Yokohama, alihamia pande za Osaka na Kobe, na mwaka uliofuata akaanza kutoa gazetini hadithi ya mhandisi Jōji, aliyemtwaa msichana wa mkahawani, Naomi, akakaa naye katika nyumba ya Kizungu yenye paa jekundu, nzuri kuitazama na taabu kuikaa. Humo nguo zilitupwa ovyo, chakula kikaagizwa nje, na mshahara ukayeyuka. Wakaguzi wa serikali hawakuipenda hadithi hiyo, gazeti likaikatisha, ikamaliziwa kwingine.

Hadithi yake nyingine, *Sasameyuki*, iliwaudhi wakubwa zaidi. Mwanzoni mwake madada wa ukoo wa Makioka wanajipamba kwenda kusikiliza piano, na Sachiko, mkubwa wao pale, anafungwa ule mshipi mpana wa kimono. Mdogo wake Yukiko akamkumbusha kwamba mshipi huo hulia kila avutapo pumzi, na katika ukumbi ulionyamaza utasikika. Basi wakajaribu mwingine, huku vicheko vimewashinda.

Hayo yalichapwa mwaka 1943 katika jarida la *Chūō Kōron*, nchi ikiwa vitani: tangu 1940 anasa imetangazwa kuwa adui, mchele unagawiwa kwa kipimo, na wanawake wanahimizwa kuvaa suruali pana za wakulima. Wanajeshi wakaona kitabu cha hariri, samaki wazuri na matembezi ya kutazama maua hakifai kwa wakati ule, na baada ya sehemu mbili kikasimamishwa. Sidhani walikosea katika kukihofu, kwani mwanamke anayeshughulishwa na mlio wa mshipi wake hana nafasi ya kushughulishwa na amri za jemadari. Tanizaki akachapisha juzuu ya kwanza kwa gharama yake mwaka 1944, akaonywa, akaendelea kuandika kimyakimya.

Kitabu kilipotimia mwaka 1948, majemadari wale walikuwa wameshindwa, na mtungaji angeweza kukifunga kwa maneno makubwa juu ya msiba wa taifa. Hakufanya hivyo: Yukiko anapanda garimoshi kwenda Tokyo kuolewa, mavazi ya arusi yaliyoletwa hayakumfurahisha, na tumbo lake linaendesha njia nzima.