Jengo Tupu ni la Nani?



Wapendwa wasomaji wetu, juma hili tunapenda kutafakari jambo ambalo kwa sura yake si la kanisani, lakini kwa undani wake lagusa haki. Na penye haki Kanisa haliwezi kukaa kimya. Katika miji na vijiji vya mkoa wetu wa Singida, kama ilivyo katika mikoa mingi ya Tanzania, yapo majengo makubwa yaliyojengwa au kutwaliwa kwa ajili ya biashara ya umma: maduka ya jumla, maghala ya nafaka, ofisi na stoo za ushirika. Baadhi yamepata kazi mpya. Mengine yamebaki na milango iliyofungwa, bati zilizopauka na popo darini.

Kila litajwapo jengo la namna hiyo mkutanoni, mabishano huzuka. Mmoja asema liuzwe kwa mfanyabiashara mwenye uwezo, kwa kuwa jengo lisilotumika huanguka. Wa pili asema wapewe vijana na akina mama wafunge mashine za kukamua alizeti. Wa tatu alitaka liwe ukumbi, darasa au zahanati. Wa nne, na mara nyingine huyu ni mwumini wetu, apendekeza lipewe kanisa. Wazee husikiliza, kisha mmoja wao huuliza swali linalowanyamazisha wote: kwani jengo hili ni la nani?

Sisi twaona kwamba swali hilo la mzee ndilo la kwanza. Kabla ya kuamua jengo tupu lifanywe nini, yafaa tujue lilifikaje kuwa tupu.

DUKA NA GHALA

Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa, na katika siku zilizofuata serikali ilitaifisha makampuni makubwa ya uagizaji na biashara ya jumla, kama Smith Mackenzie, Dalgety na Twentsche Overseas. Likaundwa Shirika la Biashara la Taifa, lililojulikana kwa kifupi chake, STC. Mwezi uliofuata, tarehe 26 Machi, Papa Paulo VI alitoa waraka wake Populorum Progressio, akifundisha kwamba haki ya mtu kumiliki mali si haki isiyo na mipaka pale ambapo wengine wamekosa mahitaji ya lazima. Hatusemi kwamba nyaraka hizo mbili ni kitu kimoja. Twasema tu kwamba swali la mali na mnyonge lilikuwa hewani, Roma na Arusha.

Mwaka 1971 ikafuata sheria ya kutwaa majengo yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, na nyumba nyingi za maduka katika miji zikawa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 kazi zake zilihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1973 STC iligawanywa, na kila mkoa ukapata Kampuni yake ya Biashara ya Mkoa, ile ambayo wazee wetu waiita hadi leo RTC. Jimbo Katoliki la Singida lilikuwa limeundwa mwaka mmoja tu kabla yake, 1972, chini ya Askofu Bernard Mabula. Basi waumini wa kwanza wa jimbo hili jipya ndio hao hao waliosubiri sukari, sabuni, chumvi, khanga na mafuta ya taa kutoka RTC.

Kazi ya RTC ilikuwa kupokea bidhaa kwa jumla na kuzigawa kwa maduka ya vijiji na wauzaji wengine. Kwa upande wa pili lilikuwapo ghala. Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, lilinunua nafaka. Mbegu za mafuta zilishughulikiwa na shirika la GAPEX. Ghala lilipokea jasho la mkulima, duka lilipaswa kumrudishia mahitaji yake. Katika mkoa wenye mvua haba kama wetu, mtama na uwele vilihimizwa kuwa kinga dhidi ya njaa, na NMC liliagizwa kuvinunua. Lakini watu wa mijini hawakuvipenda, mrundikano ukawa mkubwa na hasara ikaongezeka. Hivyo ghala lilijaa huku hesabu zake zikiwa tupu.

MARA TATU BILA KUULIZWA

Tukiitazama historia hii kwa makini, twaona kwamba wananchi waliambiwa mara nyingi, lakini waliulizwa mara chache.

Mara ya kwanza ni mwaka 1976. Katika Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji. Nia ilikuwa kumwondoa mnyonyaji. Lakini katika sehemu nyingi duka la zamani lilifungwa kabla ya jipya kuwa na bidhaa, na ndani ya mwaka huo huo serikali ikalazimika kulegeza kamba. Tarehe 14 Mei mwaka ule ule vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini kote. Ni kweli kwamba baadhi vilikuwa na ubadhirifu uliowachosha wakulima wenyewe. Hata hivyo, mwanachama aliyekuwa amekatwa senti katika kila kilo aliyouza hakuitwa kupiga kura juu ya ghala lililojengwa kwa senti zile. Mali ziligawanywa kwa mamlaka za mazao na mashirika mengine ya umma.

Mara ya pili ni pale ushirika uliporudishwa. Sheria ilipitishwa mwaka 1982, na vyama vikuu vikaanza tena mwaka 1984. Kati ya kuvunjwa na kurudishwa nchi ilikuwa imepita katika vita vya Kagera, bei kubwa ya mafuta, ukame na uhaba wa kila kitu. Majengo mengi yalirudi yakiwa yamechakaa, na pamoja nayo yakaja madeni ambayo mkulima wa kawaida hakujua yalitoka wapi.

Mara ya tatu ni miaka ya 1990. Biashara ilikuwa imefunguliwa tangu mwaka 1984, wenye fedha zao wakaruhusiwa kuagiza bidhaa, na RTC zilizozoea kugawa zikashindwa kushindana. Mwaka 1993 Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma ilianza kazi, na hadi ilipofungwa mwaka 2007 mashirika mengi yalikuwa yameuzwa, kukodishwa au kufilisiwa. Tusiwe wepesi wa kulaumu: shirika lililokufa halina budi kuzikwa, na serikali isingeweza kulipa hasara milele. Lakini mirathi yapaswa kusomwa mbele ya ndugu wote, na mirathi hii haikusomwa hivyo.

Matokeo yake twayaona. Jengo moja laweza kuwa la Shirika la Nyumba, jingine la halmashauri, jingine liko chini ya Msajili wa Hazina, jingine la chama cha msingi ambacho wanachama wake wengi wamekwisha kufa, na jingine lilikwisha kuuzwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

FUNZO KUTOKA MWANZA

Wako watakaosema kwamba haya yamepita na hayana dawa. Tuwatazame basi jirani zetu wa Kanda ya Ziwa. Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza, ambacho mizizi yake yatoka kwenye shirikisho la vyama vya wakulima wa pamba lililoanzishwa mwaka 1955 na kuongozwa na Paul Bomani, kilipoteza vinu na majengo katika miaka ya madeni. Katika miaka ya 2010 serikali ilizifuatilia mali hizo, na baadhi zikarejeshwa mikononi mwa ushirika. Kilichowezesha kazi hiyo ni kumbukumbu: palipokuwa na hati au mashahidi, njia ilionekana. Hilo ni tumaini, tena ni onyo kwa asiyetunza karatasi.

Tena jengo lililodharauliwa jana laweza kutafutwa kesho. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005 ilianza kutumika kwa nguvu katika korosho za kusini, na miaka ya karibuni mfumo huo umeenezwa kwa mazao kama ufuta, choroko na dengu, ambayo wakulima wetu pia huyalima. Wakulima wanabishana juu ya mfumo wenyewe, na wana haki ya kubishana. Lakini mfumo huo hauwezi kwenda bila ghala. Kijiji kilichouza ghala lake kwa bei ya kutupa chaweza kujikuta kikilipia nafasi ndani ya kuta zile zile.

NA KANISA LISEME NINI?

Kanisa lina historia ndefu ya kuyapa majengo kazi mpya. Neno basilika lenyewe lilikuwa jina la jumba la Kirumi la biashara na mahakama kabla ya kuwa jina la kanisa. Mwaka 609 Papa Bonifasi IV aliligeuza hekalu la Pantheon mjini Roma kuwa kanisa, na ndiyo sababu limesimama mpaka leo. Lakini tuangalie jambo moja: Papa hakuvunja mlango. Alimwomba Kaisari Phocas, aliyekuwa na mamlaka juu ya jengo lile, akapewa.

Nasi pia twajua uchungu wa upande wa pili, kwa maana shule zetu zilitwaliwa na serikali mwishoni mwa miaka ya 1960. Basi tusipende kuwatendea wengine lile tulilolionja. Maghala ya mkoa huu yalijengwa kwa mtama wa Mnyaturu, Mnyiramba na Mgogo. Kwa jasho la Mwislamu, la Mlutheri na la Mkatoliki. Parokia ikilitaka jengo la namna hiyo, na iende mkutanoni kama mwananchi mwingine yeyote, itoe hoja yake, na iwe tayari kukosa.

Kwa hiyo twawashauri wapendwa wetu mambo matatu. Kwanza, jengo lichunguzwe: hati iko wapi, na nani alichangia? Wazee waandikwe maneno yao wangali hai. Pili, uamuzi ufanyike hadharani. Pale ambapo ardhi ni ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kuigawa bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Tatu, jengo likikodishwa, kodi isomwe kila robo mwaka mbele ya watu.

Katika Injili ya Luka, sura ya 12, Bwana wetu atusimulia habari ya tajiri aliyepanga kubomoa ghala zake ili ajenge kubwa zaidi. Twazoea kumlaumu kwa uchoyo, na ni sawa. Lakini tusome tena: mtu yule hana wa kushauriana naye. Ajiuliza mwenyewe, ajijibu mwenyewe. Hakuna mke, jirani wala kibarua aliyelibeba shamba lile mgongoni. Mipango yote ya ghala lake ilikwisha usiku mmoja, na swali lililobaki ni lile la mzee wetu: vitakuwa vya nani?

Ndiyo maana sisi hatuyaonei haya mabishano ya mikutano yetu, hata yakichukua jua zima. Baada ya miaka mingi ya kuambiwa, wenye mali sasa wanaulizwa. Wasiondoke mkutanoni kabla ya kujibu, na katibu asifunge daftari kabla ya kuandika.

Tuwaombee viongozi wetu wa vijiji na mitaa hekima na mikono safi. Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.