Kompyuta Ilivyoingia Kwenye Faksi

Faksi ni picha ya ukurasa inayosafirishwa kwa waya wa simu. Mashine ya kutuma huusoma ukurasa mstari kwa mstari, hugeuza weupe na weusi wake kuwa milio, na mashine ya upande wa pili huigeuza milio hiyo kuwa alama tena. Wazo hili lina umri mkubwa kuliko simu yenyewe. Alexander Bain, fundi wa saa kutoka Uskoti, alipata hataza yake mwaka 1843, na mwaka 1865 Giovanni Caselli alikwishaanzisha huduma ya kutuma michoro na saini kwa telegrafu kati ya Paris na Lyon. Kompyuta ilipobisha mlango huu miaka 140 na zaidi baada ya Bain, ilikuta wenyeji wana lugha yao, ikalazimika kuisema.

Lugha hiyo iliwekwa mwaka 1980. Mashine za Kundi la 1, zilizosanifishwa mwaka 1968, zilikuwa zikitumia dakika sita hivi kwa ukurasa mmoja, na zile za Kundi la 2, za mwaka 1976, dakika tatu. Kisha CCITT, kamati ya kimataifa ya simu na telegrafu, ikapitisha Kundi la 3, na ukurasa ukawa nukta zinazohesabika: 1728 katika kila mstari wa karatasi ya A4. Kwa ubora wa kawaida, nukta za ukurasa mzima hukaribia milioni mbili. Kuzituma moja moja kwa modemu ya biti 9600 kwa sekunde kungechukua zaidi ya dakika tatu, yaani hakuna ambacho kingepatikana. Lakini barua ya kawaida, sehemu yake kubwa ni weupe mtupu. Kwa hiyo mashine haitaji kila nukta. Hutaja urefu wa kipande cheupe, kisha cheusi, kisha cheupe tena, na urefu unaojirudia mara nyingi umepewa msimbo mfupi. Kwa ufundi huo ukurasa ulipita kwa chini ya dakika moja.

Sehemu ya pili ya makubaliano, T.30, ilipanga adabu za mazungumzo. Anayepiga hutoa mlio wa hezi 1100 kwa nusu sekunde, hunyamaza sekunde tatu, kisha hurudia: hiyo ndiyo hodi yake. Anayepokea huitikia kwa mlio mrefu wa hezi 2100, halafu hutaja anachokiweza: kasi, upana wa karatasi, ubora wa picha. Mpigaji huchagua kile ambacho wote wawili wanakimudu na kuijaribu njia. Ikiwa ina kelele, hupunguza kasi. Kila ukurasa ukimalizika, mpokeaji hukiri kuupata au husema haukufika vizuri.

Hakuna popote katika adabu hizo panapodai karatasi. Yeyote anayezifuata huhesabiwa kuwa mashine ya faksi, na hapo ndipo kompyuta ilipopatia nafasi. Mwaka 1985 kampuni ya GammaLink ya California ilitoa GammaFax, kadi ya kuchomekwa ndani ya kompyuta. Barua haikuhitaji tena kuchapwa, kupelekwa kwenye mashine na kusomwa upya kupitia kioo chenye vumbi. Iligeuzwa nukta moja kwa moja, na ilifika ikiwa safi kuliko ile iliyotoka karatasini.

Modemu za faksi zilipoanza kushuka bei, swali likawa nani aendeshe mazungumzo. Katika Daraja la 1, modemu hushughulika na milio tu, na kompyuta hufanya mengine yote. Ikichelewa kidogo kujibu kwa sababu ina kazi nyingine, simu hukatika. Daraja la 2 liliibebesha modemu adabu nyingi za T.30, ila watengenezaji walilianza likiwa bado rasimu. Kiwango rasmi kilipotoka kilikuwa tofauti, kikaitwa 2.0, na watunga programu wakabaki na mizigo mitatu badala ya mmoja.

Programu iliyoenea zaidi kwa watu wa kawaida ilikuwa WinFax ya Delrina, kampuni ya Toronto. Ilijiorodhesha miongoni mwa printa: mtu aliagiza kuchapa, na badala ya karatasi ikatoka simu. Kwa ofisi kubwa, Sam Leffler, akiwa Silicon Graphics, alitengeneza HylaFAX, iliyoiruhusu seva moja kutuma na kupokea kwa niaba ya wafanyakazi wote.

Kupokea kulikuwa na taabu zaidi kuliko kutuma. Kompyuta ilibidi ikae imewashwa mchana na usiku, na penye laini moja ilibidi isikilize kama hodi ya hezi 1100 ipo, au ni mtu anataka kuzungumza. Tena kilichopokewa kilikuwa picha. Saini na muhuri vilionekana, jambo lililoifanya faksi iaminiwe na ofisi. Katika barua za ofisi nyingi za Tanzania, namba ya nukushi, yaani faksi, iliandikwa pamoja na ya simu. Lakini maneno hayakuweza kutafutwa wala kusahihishwa. Hasara hii ilikuwa kubwa zaidi kompyuta mbili zilipotumiana faksi: maandishi yaliyokuwa kamili kwenye kompyuta ya kwanza yalivunjwa kuwa nukta, na ya pili ikahitaji programu ya kutambua herufi ili kuyakusanya tena, mara nyingi yakiwa na makosa.

Simu zilipohamia kwenye intaneti, milio ya faksi ilianza kuharibika, kwa kuwa mitambo ya kubana sauti ilitengenezwa kwa ajili ya sauti ya binadamu. Kiwango cha T.38, cha mwaka 1998, kiliiondoa milio hiyo njiani: kituo kilicho upande wa mtumaji huifasiri, hutuma maana yake katika pakiti, na kituo cha upande wa pili huitoa upya kwa mashine inayosubiri. Ndani ya pakiti hizo, mstari wa A4 bado una nukta 1728.