Ngitili na Mamlaka ya Kijiji

Katika nchi ya Usukuma neno ngitili lina umri mkubwa kuliko idara yo yote ya misitu. Ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zinapoanza, nyasi na miti vikaachwa vikue, kisha yakafunguliwa wakati wa kiangazi, ng'ombe wanapokosa chakula. Haikuwa na ukuta. Ililindwa na haya ya jirani na hukumu ya wazee.

Shinyanga iliharibiwa na amri zilizotolewa kwa nia njema. Tangu miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ilihimiza vichaka vikatwe ili mbung'o waangamie, na mashamba ya pamba yakazidi kupanuka. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, wakaacha ngitili zao nyuma. Mlinzi alipokuwa mbali, mali ikawa ya kila apitaye. Zaidi ya hayo, mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, hata baraza la karibu la kupeleka malalamiko likakosekana. Mkoa ukapata kuitwa jangwa la Tanzania.

Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha serikali za mitaa, ikaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mwanzoni nguvu nyingi zilitumika katika vitalu vya miche. Baadaye wataalamu walikubali kujifunza kwa wenyeji. Desturi ya dagashida, baraza la jadi, ikaandikwa kuwa sheria ya kijiji. Sungusungu wakalinda, na mkosaji akatozwa faini. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana hazikuzidi hekta mia chache. Mradi ulipokwisha mwaka 2004 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Ndege wa aina zaidi ya 100 walionekana humo. Fisi nao walirudi, wakala mifugo, maana uhai ukirejea hauchagui wageni wake.

Hata hivyo si haki kusifu bila kupima. Mwenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa alipata ngitili kubwa. Maskini aliyekosa ardhi alinunua malisho, au alitazama tu. Serikali iliyo karibu na mwananchi iko karibu vile vile na mwenye nguvu wa kijiji. Dawa ilipatikana pale kijiji kilipokuwa na ngitili yake yenyewe, na mapato yake yakajenga darasa ambalo mtoto wa maskini naye aliketi.

Kwa hiyo historia hii haifundishi kwamba mamlaka ndogo ni njema kwa kuwa ni ndogo. Inafundisha kwamba mti huota tena pale anayeutunza anapokuwa na haki juu yake, na anayetoza faini anapoweza kuulizwa faini imekwenda wapi.